Reale 40,000: Mwingereza alivyoingia ugomvini mwa watoto wa Sayyid Said

Kuna mabishano yasiyokwisha barazani, Unguja na hata Maskati: ni nani aliyeitenga Zanzibar na Oman? Mmoja atakwambia ni Mwingereza, aliyewagawa Waarabu ili apate kuwatawala. Wa pili atakujibu kuwa ni ndugu wenyewe, watoto wa baba mmoja walioshindwa kusikilizana, na Mwingereza aliitwa tu aamue. Kila mmoja ana ushahidi wake, ndiyo maana hawamalizi.

Mimi naona njia nyepesi ya kulifungua fundo hili ni kuacha kwanza habari za viti na bendera, tukafuata fedha. Reale 40,000 kwa mwaka, kutoka Unguja kwenda Maskati. Fedha hizo ziliahidiwa, zikakatwa, zikatolewa hukumu, zikakataliwa tena, na mwishowe zikalipwa na mtu ambaye hakuwa na deni. Ukijua kwa nini huyo asiyedaiwa alikubali kulipa, umeshaelewa sehemu kubwa ya kisa.

Nyumba moja, milango miwili

Sayyid Said bin Sultan wa ukoo wa Al Busaidi alitawala kwa karibu miaka 50, tangu 1806 hadi alipofariki 1856. Alianzia Maskati. Kuanzia miaka ya 1830 moyo wake ukahamia Unguja, na kufika 1840 makao yake makuu yalikuwa huko. Sababu zinaeleweka. Oman ilikuwa nchi ya milima, majangwa na makabila yasiyopenda kuamrishwa. Unguja kulikuwa na karafuu, pembe za ndovu kutoka bara, biashara ya watumwa, na forodha ambayo alimkodishia tajiri Mhindi, kampuni ya Jairam Shivji wa Kutch. Mkodishwaji alilipa fungu lake kila mwaka, Sayyid akapokea bila kuhesabu mizigo.

Watu wa leo tukiitazama ramani tunaiona "dola" iliyoanzia Ghuba hadi Rasi Delgado. Lakini ile haikuwa dola kwa maana tunayoijua. Ilikuwa nyumba ya mtu mmoja yenye milango miwili, na bahari ndiyo ukumbi wake. Kaskazi ikivuma, majahazi yanashuka kutoka Arabuni. Kusi ikigeuka, yanapanda. Amri ya Maskati ingeweza kungoja miezi kabla haijapata upepo wa kuifikisha Unguja. Kilichozishika pande mbili pamoja ni Said mwenyewe: ujanja wake, ukarimu wake, ndoa zake, na uwezo wake wa kuwafanya maadui watatu wasikutane siku moja.

Liko na jambo la pili, nalo wasimulizi wengi hulipita. Waomani walio wengi katika utawala ule walikuwa Maibadhi, yaani Waislamu wa madhehebu ya Kiibadhi, na kwa Maibadhi uongozi haurithiwi kama shamba. Imamu huchaguliwa na wanachuoni na wakuu wa makabila, na anaweza kuondolewa. Said hakuwa Imamu. Alijulikana kwa jina la Sayyid tu; hilo la "Sultani" lilikuwa zaidi vinywani mwa Wazungu. Kwa hiyo alipofariki, sheria ya mirathi ilijua la kufanya na mashamba na fedha zake, lakini haikuwa na la kusema juu ya nani akalie kiti. Mali hugawanywa kwa mafungu. Utawala, kwa desturi ya Oman, huenda kwa anayekubalika au anayeweza kuushika.

Said alilijua hilo. Mwaka 1844 alimwandikia Lord Aberdeen, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, akieleza kwamba baada yake anamtaka mwanawe Khalid ashike upande wa Afrika na mwanawe mwingine, Thuwaini, ashike Oman. Tutulie kidogo hapa. Wazo la kugawa nyumba lilitoka kwa mwenye nyumba, miaka 17 kabla Mwingereza hajatoa hukumu yoyote. Lakini pia tazama barua ilikokwenda. Haikwenda kwa wanachuoni wa Nizwa, ndani ya Oman, wala kwa wakuu wa kabila la Al-Harthi wa Unguja. Ilikwenda London.

Khalid akafariki 1854, kabla ya baba yake. Nafasi yake Unguja akapewa ndugu yake Majid.

Rafiki wa zamani

Ili tusidhani Mwingereza alichomoza ghafla, turudi nyuma kidogo. Mwaka 1798 baba yake Said, Sultan bin Ahmad, alifanya mkataba na Kampuni ya India Mashariki ya Waingereza. Napoleon alikuwa ameingia Misri, na Waingereza walitaka Maskati isiwe kituo cha Wafaransa. Baadaye wakaungana na Said kuwapiga Waqawasim wa Ras al-Khaimah, ambao wao waliwaita maharamia. Mwaka 1820 askari wa Kampuni wakaandamana na Said hadi ndani ya Oman kulipiga kabila la Bani Bu Ali. Wakashindwa vibaya, wakarudi 1821 na jeshi kubwa zaidi kulipiza.

Yaani Waingereza walikuwa tayari wameshaingia katika ugomvi wa Waarabu kwa Waarabu, wakimpigania mmoja. Huku pwani yetu kisa kilichofanana kilikwenda kinyume, na mimi nakiona ndicho chenye mafunzo zaidi.

Mombasa ilikuwa mikononi mwa ukoo wa Mazrui, nao hawakutaka kusikia habari za Busaidi. Walipoona Said anawakaribia, wakapandisha bendera ya Kiingereza juu ya Ngome ya Yesu. Mwaka 1824 Kapteni William Owen, aliyekuwa akipima pwani kwa ajili ya ramani, akafika akakubali kuwalinda, kwa masharti kwamba biashara ya watumwa ikome na nusu ya mapato ya forodha iende kwa Waingereza. Akamwacha luteni wake, Reitz, awe msimamizi. Luteni huyo hakumaliza mwaka. Alifia huko huko, na jina lake limebaki Port Reitz, ambako wasafiri wa ndege wa Mombasa hupita kila siku bila kujua lilikotoka. London ikaukataa ulinzi ule. Said alikuwa na faida zaidi kwao katika Ghuba kuliko Mazrui katika Mombasa. Mwaka 1826 bendera ikashushwa, na 1837 Said akaichukua Mombasa, wakuu wa Mazrui wakakamatwa na kuhamishwa.

Waliobaki wakijifunza kutokana na hayo wangejua mapema: Mwingereza haingii kwa sababu ameitwa, na haondoki kwa sababu amefukuzwa. Anapima.

Oktoba 1856

Said alifariki baharini tarehe 19 Oktoba 1856, karibu na Shelisheli, akirudi Unguja kutoka Maskati. Pamoja naye melini alikuwamo mwanawe Barghash, kijana wa umri wa miaka kama 20. Barghash alipofika Unguja akauzika mwili wa baba yake usiku, kimya kimya, akajaribu kunyakua madaraka kabla habari haijaenea. Jaribio likafeli, Majid akashika Unguja. Kule Oman, Thuwaini alikuwa ameishika Maskati kwa niaba ya baba yake kwa miaka mingi. Ndugu yao mwingine, Turki, alikuwa na mji wa Sohar, huko huko Oman, na hakuwa tayari kumnyenyekea Thuwaini.

Wote hawa walikuwa wana wa masuria, mama mbalimbali, kwa hiyo hakuna aliyeweza kujigamba kwa upande wa mama. Thuwaini alikuwa mkubwa kwa Majid. Lakini ukubwa peke yake, kama tulivyoona, haukuwa hoja ya kumaliza maneno.

Hapo ndipo zinapoingia fedha zetu. Mwaka 1857 mjumbe wa Thuwaini, jamaa yao Muhammad bin Salim, alikuja Unguja kutafuta mapatano, na Majid akakubali kutoa reale 40,000 kila mwaka ziende Maskati. Reale hizi zilikuwa zile za fedha za Maria Theresa, zilizokuwa zikitumika Bahari Nyekundu, Ghuba na pwani yetu nzima. Fedha zilijulikana, kiasi kilijulikana. Kisichojulikana ni jina lake.

Thuwaini alisema ni kodi: mdogo anamlipa mkubwa, jimbo linalilipa makao makuu. Majid alisema ni msaada wa ndugu kwa ndugu, tena una masharti: Thuwaini asimguse Turki kule Sohar, na sehemu yake imsaidie kuwatuliza Mawahabi wa Najd waliokuwa wakiidai Oman malipo yao. Thuwaini alipomwandama Turki, Majid akafunga mkono. Thuwaini akaona jimbo limeasi.

Neno hapa lilikuwa na uzito kuliko fedha. Zikiwa kodi, Majid ni liwali. Zikiwa zawadi, Majid ni mtawala. Ndugu wawili waliweza kuishi na utata huo kwa muda. Nyumba nyingi huendeshwa kwa utata wa namna hiyo, kila mmoja akijiambia anachotaka. Shida ilianza mmoja wao alipotaka kuumaliza kwa mizinga.

Bahari ikafungwa

Mwanzoni mwa 1859, kaskazi ikiwa bado inavuma, Thuwaini akapakia askari akaelekea Unguja. Unguja wakakusanya watu na silaha wakingoja. Lakini vita havikufika. Serikali ya Kiingereza ya Bombay, India, ilituma manowari, ikamkuta Thuwaini akiwa bado pwani ya Oman, upande wa Ras al-Hadd, na ofisa wa Kiingereza akamshauri arudi na kulipeleka shauri lake kwa Serikali ya India. "Akamshauri" ni neno la barua rasmi. Mwenye majahazi hashindani na mashauri yanayotolewa juu ya sitaha ya manowari. Thuwaini akarudi.

Ili kuelewa kwa nini Waingereza waliona wana haki ya kumsimamisha mtu asiende kupigana na nduguye, itazame Ghuba. Tangu 1835 walikuwa wamewafanya masheikh wa pwani ile watie saini kutopigana baharini, kwanza kwa msimu wa lulu, kisha kwa kurefusha kila mara, hadi 1853 ikawa amani ya kudumu. Mkataba huo haukuwakataza masheikh kupigana nchi kavu. Uliwakataza bahari tu. Na mwenye kulinda bahari alikuwa mmoja. Thuwaini hakuwa miongoni mwa waliotia saini, lakini mazoea yalishajengeka: ugomvi wa Waarabu unaopanda chombo ni kazi ya Mwingereza.

Baada ya hapo Unguja ikawaka kwa ndani. Oktoba 1859 Barghash akainuka, akiungwa mkono na Al-Harthi na baadhi ya ndugu zake, wakiwamo dada zake Khole na Salme. Salme, binti mdogo aliyejifundisha kuandika kwa siri, ndiye aliyekuwa mwandishi wa barua za waasi. Baadaye alitoroka Unguja, akaolewa na Mjerumani huko Aden na kwenda Ujerumani, na ni kwa simulizi yake tunajua jinsi Barghash alivyotoroka kizuizini kwa kujifunika nguo za kike katikati ya kundi la wanawake. Akajificha na watu wake katika shamba lililoitwa Marseilles. Majid peke yake hakuwaweza. Balozi wa Kiingereza, Rigby, akaleta mabaharia na mizinga ya manowari. Barghash akasalimu amri, akaapa, akapelekwa uhamishoni Bombay.

Hapa ndipo hoja ya "aliitwa tu kuamua" inapokatika. Kufikia mwisho wa 1859 Mwingereza alikuwa amemzuia mdai mmoja baharini na kumwondoa mwingine nchi kavu, yote kwa faida ya mtu yule yule. Kisha ndiye akakaa kitini awe hakimu wa nani ana haki.

Uamuzi

Mwaka 1860 Brigedia William Coghlan, mkuu wa Waingereza wa Aden, aliteuliwa kuchunguza. Alikwenda Maskati akamsikiliza Thuwaini, kisha Unguja akamsikiliza Majid. Alifuatana na kasisi George Percy Badger, mtaalamu wa Kiarabu. Ndugu wote wawili walikuwa wamekubali kwamba uamuzi wa Gavana Mkuu wa India ndio utakuwa wa mwisho.

Mapendekezo ya Coghlan yanastahili kusomwa polepole, maana yana werevu wa aina yake. Alisema Oman haina desturi ya mkubwa kurithi kwa sababu ni mkubwa. Utawala hutokana na ridhaa ya watu na uwezo wa kuushika. Majid aliridhiwa Unguja na ameshika. Basi ana haki. Yaani Mwingereza, ambaye kwao mkubwa ndiye mrithi wa taji, aliichukua desturi ya Kiibadhi ya kuchagua kiongozi, akaitumia kuthibitisha mgawanyo uliowafaa wenyewe. Sisemi hoja ile ilikuwa ya uongo. Desturi ndivyo ilivyokuwa kweli. Lakini ni vigumu kuamini ingepewa uzito ule ule kama ingemfaa Barghash, ambaye naye alikuwa na watu waliomridhia, kabla mizinga haijapelekwa Marseilles.

Na Waingereza walikuwa na yao. Wafaransa walikuwa na balozi Unguja na walikuwa wakichukua watu wa pwani hii kwenda kulima miwa Réunion, chini ya jina la vibarua. Njia ya India ilipita jirani. Wahindi wa Unguja, ambao wengi walitoka nchi zilizokuwa chini ya Waingereza, ndio walioshika forodha na mikopo. Na kulikuwa na biashara ya watumwa, ambayo Uingereza ilitaka kuikomesha, na mtawala mdogo wa kisiwa anayehitaji kulindwa ni rahisi kumbana kuliko mtawala wa pande mbili za bahari. Majid alilionja hilo mapema: Rigby yule yule aliyemwokoa aliwanyang'anya Wahindi wa Unguja watumwa kwa maelfu, kwa hoja kwamba ni raia wa Kiingereza na hawaruhusiwi kumiliki mtu.

Tarehe 2 Aprili 1861 Lord Canning, Gavana Mkuu wa India, akatoa uamuzi. Majid ni mtawala wa Zanzibar na milki zote za Afrika. Majid atalipa Maskati reale 40,000 kila mwaka, pamoja na reale 80,000 za malimbikizo ya miaka miwili. Na kuhusu jina la fedha zile, Canning akaamua kwamba si kodi: kulipa hakumaanishi kwamba Zanzibar iko chini ya Maskati. Ni za kusawazisha mirathi miwili isiyolingana, kwa kuwa upande wa Afrika ulikuwa na mapato makubwa zaidi. Zitalipwa na yeyote atakayekalia kiti cha Zanzibar, zipokelewe na yeyote atakayekalia kiti cha Maskati.

Hivyo Thuwaini akapata fedha bila heshima, Majid akapata heshima kwa kulipa fedha. Kila mmoja akaandika barua ya kukubali.

Nadhani wengi tunakosea hapa tunapouliza Mwingereza alimpa nani nini. Tuulize alijiwekea nini. Hakuchukua hata kijiji kimoja. Alichochukua ni uwezo wa kusema maana. Tangu siku ile, neno "kodi" au "si kodi", "mtawala" au "liwali", halikuwa tena la kuamuliwa na ndugu, wala wanachuoni, wala upanga. Liliamuliwa kwa waraka kutoka India. Ndugu wakigombana tena, watarudi kwa aliyeandika waraka.

Kuna mtu mmoja hakuulizwa kabisa, nami sipendi kumpita. Dunga, katikati ya kisiwa cha Unguja, alikuwapo Mwinyi Mkuu, mtawala wa wenyeji, ambaye nyumba yake kubwa ilimalizika kujengwa mwaka ule ule wa 1856. Ardhi iliyogawanywa na Waarabu na kuthibitishwa na Waingereza ilikuwa na wenyewe. Coghlan alipozungumza juu ya ridhaa ya watu wa Zanzibar, hakuwa na maana ya hao.

Ahadi ya watu wawili juu ya watu wawili

Tarehe 10 Machi 1862, mjini Paris, Uingereza na Ufaransa zikatia saini tamko la kuheshimu uhuru wa Sultani wa Maskati na Sultani wa Zanzibar. Masultani wenyewe hawakuwamo. Ni kipande kifupi cha karatasi, lakini kilifanya kazi ya ajabu kwa miaka mingi.

Upande wa Zanzibar, mwaka 1890 Waingereza walipotaka kuifanya nchi chini ya himaya yao, ilibidi wamtulize Mfaransa; wakamwachia Madagaska, naye akawaachia Zanzibar. Upande wa Maskati hawakupata biashara kama hiyo, kwa hiyo tamko la 1862 lilibaki likiwazuia. Ndiyo maana Oman haikuitwa kamwe rasmi himaya ya Uingereza. Wakatafuta njia ya pembeni: Machi 1891 Sultani Faisal bin Turki akatia saini ahadi kwamba yeye na warithi wake hawatatoa ardhi yao kwa yeyote isipokuwa Serikali ya Kiingereza. Alipojaribu kuwapa Wafaransa mahali pa kuweka makaa ya meli, Bandar Jissah, manowari za Kiingereza zikaja Maskati mwaka 1899 zikielekeza mizinga kwenye kasri lake, naye akafuta aliyokuwa ameyatoa. Uhuru uliohakikishwa na wageni wawili ulikuwa na mipaka waliyoijua wao.

Deni lakosa mdaiwa

Turudi kwenye reale zetu. Majid alilipa, kwa manung'uniko. Halafu Februari 1866 Thuwaini akauawa Sohar, na aliyemuua ni mwanawe mwenyewe, Salim. Majid akasema hawezi kumlipa mtu aliyemuua baba yake mwenyewe, na huyo aliyeuawa ni kaka yake Majid. Kwa akili ya kawaida ya ukoo, nani angemlaumu? Lakini uamuzi wa 1861 ulikuwa umefunga mlango huo: fedha ni za kiti, si za mtu. Waingereza walikuwa wamemtambua Salim, wakataka zilipwe.

Hapo unaona jinsi mashine ilivyofanya kazi. Kumtambua mtawala wa Maskati kukawa ndiko kunakoamua nani apate fedha za Unguja. Mwaka 1868 Salim akaondolewa na Azzan bin Qais, ambaye wanachuoni walimchagua Imamu, kwa ile ile desturi ya kuchagua ambayo Coghlan aliisifu karibu miaka minane kabla. Waingereza hawakumtambua. Imamu aliyechaguliwa akatawala bila fedha za Unguja, akauawa vitani Matrah Januari 1871, na Turki, ndugu wa Majid na Thuwaini, akashika Maskati.

Huku Unguja, Majid alikuwa ameshafariki, Oktoba 1870, akiacha mji mpya alioanza kuujenga pale Mzizima, ambao tunauita Dar es Salaam. Aliyerithi alikuwa Barghash, yule yule aliyehamishiwa Bombay. Barghash hakuwa na hamu ya kulipa. Kisha Aprili 1872 kimbunga kikaipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu, kikazamisha meli zake. Hata angetaka, angezitoa wapi?

Waingereza wangeweza kumwacha Turki bila kitu. Hawakumwacha, na hapa ndipo kitendawili cha mwanzo kinapofunguka. Mwaka 1873 Sir Bartle Frere alitumwa Unguja na Maskati kutaka mikataba ya kukomesha biashara ya watumwa. Unguja, Barghash akakataa. Maskati, mwezi wa Aprili, Turki akatia saini. Katika mpango huo Waingereza walijitwisha wao malipo ya fedha zilizotakiwa kutoka Unguja, maadamu Turki anatimiza mkataba. Barghash naye akasalimu tarehe 5 Juni 1873, baada ya John Kirk, mwakilishi wa Kiingereza Unguja, kumwonyesha kwamba kisiwa kitafungiwa bahari kwa manowari. Soko la watumwa la Mkunazini likafungwa.

Turki akapokea. Sidhani alikuwa na njia nyingine. Makabila ya Oman yalikuwa yakimzunguka, na hazina yake ilikuwa tupu. Lakini tazama safari ya zile fedha. Mwaka 1857 zilikuwa neno kati ya ndugu wawili. Mwaka 1861 zikawa hukumu. Mwaka 1873 zikawa mshahara, zikapata mwajiri, na mwajiri ana masharti.

Kwa hiyo nikirudi barazani, nitawaambia wote wawili kwamba hawako mbali sana. Nyumba ilikuwa na ufa tangu Sayyid Said yu hai, na yeye mwenyewe aliuonyesha kwa barua. Mwingereza hakuutoboa. Aliusimamia usizibwe, akaweka mtu wake katikati, na baadaye pande zote mbili zikawa hazionani ila kupitia kwake.

Reale 40,000 zilibadilishwa kuwa rupia 86,400 kwa mwaka, rupia 7,200 kila mwezi, zikakabidhiwa Maskati kwa mkono wa wakala wa Kiingereza. Wakala mmoja alipoondoka na mwingine kuja, Sultani mmoja alipofariki na mwanawe kurithi, malipo yaliendelea. Katika vitabu vyao vya hesabu Waingereza waliendelea kuyaita ruzuku ya Zanzibar, ingawa haikuwamo ndani yake hata pesa moja iliyotoka Zanzibar.